Kifaru Mwenye Miguu ya Mtu Mwingine

"Nani kagusa mshono wangu?"

Nilikuwa nimepiga magoti kibandani, nimekumbatia mguu wa Kifaru, yule wa manyoya ya kijivu anayewachezea mashabiki wa timu yetu uwanjani. Mimi ndiye fundi niliyemshona, tena kwa vipimo vya mpenzi wangu, maana anayemvaa ni yeye. Sasa pindo limefumuliwa, limeshushwa vidole vinne, likashikizwa kwa mkono ovyo ovyo.

"Kitambaa kimeruka kikawa kifupi, mpenzi," akasema, macho kwenye simu.

"Nailoni iruke? Au umerefuka? Jumapili wakubwa wako wanaleta posa kwetu, nianze kukupima upya?"

"Wewe nawe! Jumamosi nitakugusia sikio, kama kawaida."

Kifaru ni marufuku kusema wala kuvua kichwa mbele ya mashabiki. Kwa hiyo mwaka mzima ishara yetu ilikuwa hiyo: akigusa sikio la kushoto mara mbili, nimeambiwa nakupenda. Safu ya tatu nzima inajua. Wananipigia vigelegele utadhani bibi harusi.

Jumamosi uwanjani Kifaru akaja, akagusa sikio. Watu vigelegele. Mimi macho kwenye magoti: mguu unakunjika chini kabisa ya pale nilipoweka goti! Nikampigia mpenzi wangu simu, nikaweka sauti kubwa.

"Mpenzi!" akapokea, anahema. "Humu ndani ni tanuri!"

Kifaru yuko mbele yangu, mikono yote miwili juu ya uzio.

"Uko wapi?"

"Si mbele yako hapa, hunioni?"

"Nakuona. Nipungie."

"Nakupungia, mpenzi. Umeona?"

Kifaru katulia kama gunia. Mama muuza kahawa, jirani yangu wa safu, akashika mdomo.

Mara uwanja ukalipuka, goli! Tukaruka, tukakaa. Ndipo kwenye simu, sekunde chache baada yetu, kama matangazo ya televisheni yanavyochelewa, mwanamke akapiga kelele:

"Goliii! Laazizi, unafanya nini chooni muda wote huo? Tumefunga!"

Safu ya tatu yote: "Haaaa!"

Simu ikakatwa.

Mechi ilipoisha nikamvizia Kifaru kwenye korido ya vyumba vya kubadilishia nguo.

"Vua kichwa."

"Shemeji, siruhusiwi..."

Shemeji! Nikakivua mwenyewe. Mdogo wa mpenzi wangu, mrefu kama mlingoti, jasho linamtiririka.

"Tangu lini?"

"Tangu mechi ya tatu ya msimu huu. Kaka alisema kazi inamchosha."

"Na sikio?"

Akatoa kikaratasi kilicholowa. Mwandiko wa mpenzi wangu: *Dakika ya kumi, sikio la kushoto mara mbili. Fundi, safu ya tatu. Usisahau, huwa ananuna.*

"Ananuna! Na wewe unakuja kula kwangu, unaniita shemeji, halafu unanigusia sikio la uongo?"

"Shemeji, yule ni kaka yangu."

"Na mimi ni nani, uzio?"

Akalivua vazi lote, nikachukua na kikaratasi. Nikambeba Kifaru wangu kwenda kumfua.

Jioni ujumbe ukaingia: *Mpenzi usiwasikilize watu, ule ni mtandao tu uliingiliana. Kesho tunakuja.*

Nikajibu: *Njooni.*

Jumapili nyumba ilifurika, majirani mpaka madirishani. Akaingia na suti yake, nyuma shangazi yake na baba yake mkubwa. Kwenye kochi la wageni kaketi Kifaru, msafi, nimemjaza mito na mabaki ya vitambaa, mguu juu ya mguu.

"Hili nini tena, mwanangu?" shangazi akauliza.

"Si mmekuja kuniposea, shangazi? Aliyekuwa akija uwanjani kwa ajili yangu mwaka mzima ni huyu. Mwoneni, hata uongo hajui. Huyo mliyeongozana naye mwenyewe alikuwa chooni kwa laazizi wake."

Dirishani mama muuza kahawa akapasua kicheko. Shangazi akamgeukia mtoto wa kaka yake, akamsogezea usoni kikaratasi nilichompa.

"Mpenzi, naomba niseme..."

"Useme nini?" nikamwambia, nikimwonyesha mlango. "Kifaru hasemi. Kazi yenyewe umeisahau?"