Malengelenge ya Mgongoni

Maiti ya baharia Thabiti Mgeni ilirudishwa Mtwara ikiwa imefunikwa turubai, na hakuna mwenzake hata mmoja aliyekubali kuibeba. Makuli wa bandarini, watu wanaobeba magunia ya korosho tangu asubuhi bila kulalamika, nao walisogea nyuma. Ikabidi Inspekta Muhidini na koplo wake waipokee wenyewe kwenye ngazi ya meli.

"Ndui hiyo," mmoja alinong'ona.

Muhidini alifunua turubai. Alikuwa na udadisi wa kukera. Mkewe alizoea kusema kwamba mume wake angeuliza maswali hata akiwa usingizini. Uso wa marehemu ulikuwa umevimba vibaya. Kwenye paji la uso, mashavuni na mikononi kulikuwa na malengelenge, mengine yamepasuka.

Nahodha, Mgiriki aliyezaliwa kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na kusema Kiswahili cha huko huko, hakungoja kuulizwa.

"Muuaji wako ni yule," alisema, akimwonyesha kijana aliyesimama peke yake kwenye sitaha. "Danieli, afisa wangu wa pili. Alimdunga sindano, mtu akafa mbele yetu."

"Yeye ni daktari?"

"Meli ya mizigo haina daktari. Afisa wa pili ndiye anayeshika ufunguo wa sanduku la dawa. Mtu akiumwa baharini, anamwangalia, anamuuliza daktari wa nchi kavu kwa redio, anafanya alichoambiwa."

"Na malengelenge?"

"Asidi ya betri. Ufunguo wa chumba cha betri anao yeye pia. Mwezi uliopita alimshtaki Thabiti kwangu kwamba amelala kwenye zamu. Tangu hapo hawakusalimiana."

Maelezo yalikuwa yamenyooka mno, na Muhidini hakupenda maelezo yaliyonyooka. Hata hivyo alimfunga Danieli pingu. Ilikuwa Novemba 1974, baharia amekufa kwa sindano ndani ya meli iliyobeba korosho za taifa, na wakubwa wangetaka kusikia kwamba kuna mtu ameshikwa. Kosa la kuua lilikuwa na kamba mwisho wake.

Katika chumba cha maiti, Daktari Anna, mwenyeji wa Moshi, alikuwa ameshamaliza uchunguzi.

"Dawa ilikuwa penisilini, na kipimo kilikuwa sahihi," alisema. "Kuna miili inayoikataa. Koo linavimba, pumzi inakatika. Kijana alimdunga na adrenalini kumwokoa, alama hii hapa. Haikufua dafu."

"Na asidi?"

"Hapo ndipo sielewi. Asidi huchuruzika. Hii haikuchuruzika, imepakwa. Tazama na mgongoni."

Wakamgeuza. Kati ya mabega kulikuwa na malengelenge yaliyopangana, na pembeni yake ngozi ilikuwa na madoa ya kahawia. Muhidini aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa. Kisha akakunja mkono wa shati lake na kumwonyesha daktari kovu mkononi, herufi M iliyopinda.

"Ganda la korosho mbichi, daktari. Lina mafuta yanayounguza. Tulijiandika majina tukiwa watoto. Siku ya kwanza unacheka, ya pili hulali."

"Basi alijipaka mwenyewe."

"Mgongoni?"

Muhidini alipeleka mkono nyuma, akajipinda, akajaribu kwa juu, akajaribu kwa chini. Koplo alitazama ukutani kwa aibu. Vidole havikufika.

"Alipakwa na mtu," alisema akihema. "Na mtu huyo hakugusa kope wala midomo. Adui angeanza na macho. Huyu alimpenda."

Alikwenda moja kwa moja mahabusu. Danieli alikuwa ameketi sakafuni, macho mekundu.

"Alianza lini kuumwa?"

"Tulipokaribia mdomo wa Ruvuma, tukielekea Majunga, Madagaska. Alisema ana homa na mwili unawaka moto. Nilitaka turudi. Nahodha akasema dawa kwanza, kurudi baadaye. Kwenye redio nilieleza nilichokiona, wakasema penisilini."

"Hukumuuliza kama sindano hiyo inamdhuru?"

"Nilimuuliza. Alisema aliwahi kudungwa kwenye zahanati ya Rahaleo na akapona."

"Kabla ya safari alilala wapi?"

"Kwa mkewe, kijijini Mpapura. Aliomba ruhusa ya wiki mbili, akapewa usiku mmoja. Nahodha alimwambia mbele yetu sote: kwangu baharia huachwa nchi kavu akiumwa tu."

Muhidini alisimama. "Rudia."

Danieli alirudia. Alipomaliza, inspekta alikuwa tayari amefika mlangoni.

Mpapura ilikuwa imegeuzwa ndani nje. Nyumba kadhaa hazikuwa na mapaa. Vitanda, vinu na mitungi vilikuwa uani, vikingojea malori ya kuhamia kijiji cha ujamaa. Mikorosho ilikuwa imejaa matunda ambayo wenyewe hawakujua kama watarudi kuyaokota. Kwenye nyumba ya Thabiti wanawake walikuwa kwenye matanga. Muhidini alivua kofia, akatoa pole, akaomba kuzungumza na mjane, Mwanaamina. Alitoka na shangazi yake, wakaketi kibarazani.

Vidole vya mjane vilikuwa vimeungua. Lakini msimu ule kila mkono wa Mpapura ulikuwa umeungua, kwa hiyo vidole havikuwa ushahidi.

"Mama, mumeo alipoondoka hapa alikuwa mzima?"

"Mzima."

"Ngozi yake?"

"Nzima, bwana afande."

"Nani alimpaka mafuta ya korosho mgongoni?"

Shangazi alimtazama Mwanaamina.

"Mama, sikukamati kwa vidole vyako," Muhidini alisema. "Ila kuna kijana yuko mahabusu, anaitwa Danieli. Wanasema alimmwagia mumeo asidi, kisha akamdunga ili afe. Nikirudi mikono mitupu, atashtakiwa kwa kuua."

Mwanaamina alivitazama vidole vyake.

"Mwachie," alisema. "Nilimpaka mimi."

"Kwa nini?"

"Jumatatu wanatuhamisha. Kila kaya imeonyeshwa kiwanja, na kwangu haujasimama hata mti mmoja. Wajomba wanajenga zao. Mvua ndiyo hiyo. Nina watoto watatu na mama yake asiyeona, niwalaze wapi? Thabiti aliniambia maneno ya nahodha, kwamba anayeachwa ni mgonjwa. Nikamwambia, basi ugonjwa ninao jikoni."

"Naye akakubali?"

"Alicheka. Hapa korosho inamuunguza kila mtu, na inapona. Sijasikia mtu aliyekufa kwa korosho. Nilitumia unyoya wa kuku. Machoni niliogopa, nikaacha. Mgongoni alitaka yeye, alisema wakiona mgongo hawatadhani kajifanyia."

"Lakini meli iliondoka naye."

"Walimwambia wanang'oa nanga Alhamisi. Tulihesabu malengelenge yatoke Jumatano, ashushwe. Waliondoka Jumanne." Alifuta uso kwa ncha ya kaniki. "Yalimtokea huko katikati ya maji, peke yake, na akaogopa kusema."

Muhidini alikuwa amezoea kufurahi fumbo likifumbuka, na safari ile hakufurahi hata kidogo. Alimwonea huruma mwanamke yule, akaona haya kwa mbio alizokuja nazo. Hakukumbuka kifungu chochote cha sheria kuhusu mume aliyeunguzwa kwa ridhaa yake ili apate kujenga nyumba. Hilo lilikuwa la mwanasheria wa serikali. Kazi yake ilikuwa kuandika maelezo, na maelezo yalipaswa kuandikwa kituoni.

Walifika mjini alasiri, shangazi akiwa pamoja nao. Muhidini aliagiza Danieli aachiwe, naye akawa kaunta akirudishiwa mkanda na viatu vyake. Alipoambiwa huyu ni nani na amesema nini, alishika ukingo wa meza.

"Nilimuuliza mara mbili, shemeji," alisema. "Nilimuuliza kama anajua kilichomuunguza. Angeniambia ni korosho, nisingeichukua ile sindano. Angekuwa hai."

Mwanaamina alimtazama, bila hasira.

"Angekuambia, ungemfanyaje?"

"Ningempaka dawa ya kupoza."

"Halafu?"

Danieli alitazama viatu mkononi mwake. Muhidini, ambaye alikuwa ameshika kalamu tayari, hakuandika.

"Halafu ningemrudisha zamu," Danieli alisema. "Tungekwenda naye Majunga."