Tisini na Nne kwa Mia

Duka la fotokopi langoni mwa chuo lilikuwa limefurika wanafunzi, na mashine iliyokuwa nzima ni moja. Mtafiti, binti wa gauni la kijani na miwani inayomteremka puani, alikuwa amekumbatia rundo la madodoso. Fundi magari, aliyekuwa akisoma stashahada chuoni hapo, akamkanyaga.

"Samahani, dada. Nikufute kiatu au nikubebee mzigo?"

"Beba. Halafu ujaze moja."

Dodoso lilikuwa na sentensi ishirini: nikiona karatasi tupu moyo hunienda mbio, huahirisha kuandika hadi siku ya mwisho. Kila moja alama moja hadi tano, kadiri hofu inavyozidi.

"Huandiki jina," alimhakikishia. "Hakuna atakayejua ni wewe."

Basi Fundi akajaza kweli tupu.

Wakapeana namba, na miezi mitatu ikapita kwa mapenzi ya simu. Fundi alipiga kutwa mara tatu, lakini ujumbe hakuandika hata siku moja.

"Mpenzi, niandikie basi hata mstari mmoja."

"Sauti yangu imekuchosha, mama?"

"Haijanichosha. Nataka na ya kusoma."

Fundi akageuza mazungumzo.

Siku ya kujumlisha alama, Mtafiti alikuta dodoso lenye chapa ya dole gumba la grisi pembeni. Tisini na nne kwa mia, hakuna aliyefikia hapo. Badala ya kunyamaza, akampigia Fundi papo hapo.

"Kumbe unaogopa kuandika! Si ungeniambia? Nimeona alama zako."

"Ulisema hakuna atakayejua."

"Ni mimi tu, mpenzi."

"Wewe ndiye niliyekuwa sitaki ajue." Akakata.

Wiki mbili hakupokea simu. Mtafiti hakuwa na wa kumlaumu: ahadi aliitoa mwenyewe, akaivunja mwenyewe. Alimpenda yule mwanamume, na aliona wazi kwamba anampoteza.

Jumamosi akaenda gereji. Fundi alikuwa chini ya gari, miguu tu nje.

"Toka huko."

"Nina kazi."

Akachuchumaa, akamsukumia karatasi. Lilikuwa dodoso alilolijaza Mtafiti mwenyewe, na juu ameandika jina lake kamili. Jumla: tisini na moja.

Fundi akajitokeza hadi kifuani. "Wewe? Mtafiti mzima?"

"Sura ya mwisho ya tasnifu yangu ina miezi miwili, na nina kichwa cha habari tu. Kila asubuhi nafua hata nguo safi. Unadhani kwa nini napima hofu za wenzangu? Nilitoboa siri yako. Nimekuletea yangu. Nisamehe."

Fundi akatoka, akajifuta mikono taratibu. Hasira ilikuwa imekwisha. Kilichobaki ni hamu ya wiki mbili.

"Umenizidi ushujaa kwa alama tatu."

"Usinicheke."

"Sicheki. Nawaza barua ya kwenda kwa baba yako, kukuposa. Nimeianza mara nne, nimeichana mara nne."

Mtafiti akaketi sakafuni, bila kujali gauni lake wala grisi. "Lete kalamu. Anza wewe, mimi nitamalizia."

"Mwisho huuwezi, umesema mwenyewe."

"Haya, naanza mimi!"

Hadi adhuhuri walikuwa wameandika mistari sita na kufuta minne. Miwili iliyobaki ndiyo aliyopelekewa baba.