Mtoto wa Mkata Koliflawa

Kila asubuhi Jagoda alipoamka, mama yake alikuwa ameshaondoka. Juu ya meza ya jikoni palikuwa na mkate uliopakwa jibini nyeupe na vipande vya figili, umefunikwa kwa sahani usikauke. Mlangoni palikuwa na tope pale gambuti zilipolala. Jagoda alisali, akala, akalifuta lile tope kwa kitambaa mpaka sakafu ikang'aa, kisha akaenda kituoni kungoja basi la chuo.

Hakulifuta kwa ajili ya usafi tu. Hakutaka rafiki akipita mlangoni aulize limetoka wapi.

Walihamia Spalding, mji wa mashamba huko Uingereza, kutoka Poland yeye akiwa na miaka kumi na mmoja, baada ya baba yake kufariki. Sasa alikuwa na miaka kumi na minane na alikuwa akisoma ili aje kuwa muuguzi. Mama yake, Bogusia, alikata koliflawa mashambani, jua na mvua. Lakini chuoni Jagoda alikuwa amewaambia wenzake kwamba mama yake anafanya kazi ofisini, kwenye kampuni ya vyakula. Alisema mara moja tu, halafu ikambidi aendelee kusema.

Mwaka huo Uingereza ilikuwa imepiga kura ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya, na watu waliokuwa wakinyamaza walianza kusema.

"We Jagoda, bado upo tu?" alimwambia Kieran, mvulana wa ufundi magari, ndani ya basi. "Nilidhani mmeshafunga mizigo."

"Nangoja kwanza ujifunze kufunga kamba za viatu," Jagoda alimjibu. "Nikikuacha hivyo utaanguka."

Basi zima lilicheka, na Kieran naye akacheka. Jagoda alipofika nyumbani hakucheka. Kanisani kila mtu alikuwa akizungumzia kadi ya ukaazi wa kudumu. Mwenye kadi hiyo angebaki bila wasiwasi. Asiyekuwa nayo, nani ajuaye? Huenda chuo cha uuguzi kingemkataa. Huenda angeambiwa arudi Poland, ambako bibi yake alikuwa ameshazikwa na nyumba imeuzwa, na mama yake abaki huku peke yake.

Aliyekuwa akijaza maombi ya watu kwa malipo alikuwa Bwana Zenon Pietrucha, Mpolandi mwenzao, nyapara wa genge la mama yake. Alipokea watu jikoni kwake, amevaa tai.

"Wewe ni msomi," alimwambia Jagoda. "Omba kwa nafsi yako, kama mwanafunzi. Ya nini kumburuta mama yako humo na kisu chake cha mboga?"

Maneno hayo yalimpendeza Jagoda kuliko ilivyostahili. Akaomba kama mwanafunzi.

Baada ya miezi mingi jibu lilikuja: amekataliwa. Mwanafunzi kutoka Ulaya, walisema, alitakiwa awe na bima yake binafsi ya afya muda wote wa masomo. Yeye hakuwa nayo.

Jagoda alipiga meza kwa kiganja. "Mama, mimi nimechanjwa hapahapa. Nimeng'olewa jino hapahapa. Nimeingia kliniki yao tangu mdogo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza bima iko wapi. Leo ndiyo wananiambia nilitakiwa kuwa nayo? Mtu anaadhibiwaje kwa jambo ambalo hakuna aliyemwambia?"

"Ni dhuluma," alisema mama yake, huku akimimina supu ya bitiruti. "Dhuluma tupu. Na dhuluma hailiwi ukiwa na njaa."

Jagoda alirudi kwa Bwana Zenon, naye hakushangaa hata kidogo.

"Tatizo dogo hilo," alisema. "Kuna mtu wangu anatengeneza bima za tarehe za nyuma. Karatasi safi, ina mhuri. Unalipa, tunaomba tena."

"Lakini sikuwa na bima."

"Na wao si walisema hukuwa nayo? Basi tunawapa. Nani ataumia?"

Jagoda alisema atafikiri. Njiani alijiona anafikiri kweli, na hilo lilimtisha.

Jumapili ile, baada ya misa, mwanasheria mmoja alikuja kwenye ukumbi wa parokia kushauri watu bila malipo. Aliitwa Bi Urszula, mwanamke mnene mwenye sauti ya mwalimu. Akina mama walikuwa wamekaa na vikombe vyao, na Bogusia alikuwa akizungusha sinia la keki ya tufaha.

Bi Urszula alisoma jibu la serikali, akavua miwani. "Nani alikwambia uombe kama mwanafunzi?"

"Bwana Zenon."

"Bwana Zenon," alirudia Bi Urszula, kama mtu aliyeuma kitu kichungu. "Binti yangu, sheria ya bima kwa wanafunzi ni mbaya, na mimi nimechoka kuona vijana wanakatwa nayo. Lakini wewe huna haja ya kupita huko. Ulikuja ukiwa mtoto. Mzazi wako kama amefanya kazi hapa miaka mitano mfululizo, haki yako inatoka kwake. Mtoto wa mfanyakazi haulizwi bima. Mama yako anafanya kazi gani?"

Nyuma yake Jagoda alisikia wasichana wawili wa chuoni wakichukua keki. Akajibu kwa mazoea, kabla hajafikiri.

"Yuko ofisini. Kwenye kampuni ya vyakula."

Sinia lilisimama. Bogusia alikuwa pale pale, ubavuni mwa bintiye.

"Nakata koliflawa," Bogusia alimwambia mwanasheria, taratibu. "Miaka saba sasa, shamba lile lile. Karibu keki, mama."

 Akaendelea na sinia lake meza nyingine. Jagoda alitamani agombezwe pale pale mbele ya watu. Kugombezwa kungekwisha.

Bi Urszula alimfuata Bogusia kwa macho, kisha akavaa tena miwani. Alieleza kinachohitajika. Hati za mishahara ya miaka ya karibuni zilikuwepo. Lakini miaka ya mwanzo Bogusia aliajiriwa kupitia wakala ambaye ameshafunga ofisi, kwa hiyo ilihitajika barua kutoka shambani kwamba amefanya kazi hapo muda wote bila kukatiza. Nyapara ndiye aliyeweka kumbukumbu. Nyapara angeandika.

Jumatatu Bogusia alimwomba Bwana Zenon barua. Jumanne alimwomba tena. Ijumaa alirudi nyumbani, akakaa mlangoni akivua gambuti, akasema, "Anasema kalamu yake ni ya watu wanaosikia ushauri. Ukinunua ile bima yake, ndipo na mimi atanikumbuka."

Jagoda alihisi damu inampanda mpaka masikioni. Mtu yule alikuwa amemwona mama yake akiinama kwenye mistari ile kwa miaka saba. Alimwona siku za barafu, na siku alipofanya kazi na kidole kilichoshonwa. Sasa anajifanya hamkumbuki, ili auze uongo.

Kisha akakumbuka kwamba yeye mwenyewe alikuwa amemkana mama yule yule, na yeye hakuwa akiuza chochote.

"Mama," alisema, "kesho nakuja nawe shambani."

"Kuna tope," alisema mama yake.

"Najua kuna tope."

Jumamosi walipanda gari la genge pamoja. Akina mama walimsogezea nafasi.

"Leo tumeletewa muuguzi," alisema Bi Jadzia, mkongwe wa genge, mwanamke mfupi mwenye mashavu mekundu. "Anipime huu mgongo, au auzike kabisa."

"Mgongo wako hauna ugonjwa, una mdomo," alijibu mwingine, na gari likajaa kicheko.

Jagoda hakuwa amewahi kuiona kazi ile. Trekta lilikokota mtambo mpana wenye mkanda, na wanawake walitembea nyuma yake, kila mmoja na mstari wake. Walikata shina, wakapunguza majani, wakaweka koliflawa kwenye mkanda, na wenzao waliokuwa juu wakapanga masandukuni. Mtambo ulikwenda kwa mwendo wao. Mmoja akisimama, mstari wake unabaki nyuma, na mtambo haurudi nyuma. Kwa hiyo akisimama mmoja, wote husimama.

Bwana Zenon alikuja na koti lake safi. "Huyu anafanya nini hapa? Shamba si uwanja wa matembezi."

Jagoda alimsogelea. "Bwana Zenon, shikamoo. Mimi ni mtoto wa Bogusia, huyu anayekata koliflawa. Nimekuja kukuomba uandike kwamba amefanya kazi hapa miaka saba. Sikuombi uongeze kitu. Andika unachokijua."

"Nilishakuonyesha njia yako."

"Ile bima ya kughushi? Hiyo siinunui."

Wanawake walio karibu waliinua vichwa. Bwana Zenon alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Usinitie maneno mdomoni, mtoto wewe. Bogusia, mwondoe mtoto wako, au Jumatatu usije."

Bogusia alikuwa ameinama. Alinyooka polepole, mkono kiunoni, akafuta kisu chake kwenye aproni na kukirudisha kwenye ala. Akasimama tu.

Mstari wake ulianza kubaki nyuma.

"Bogusia, kata," alisema Bwana Zenon.

"Mgongo wangu nao umesimama," alisema Bi Jadzia, na kisu chake kikaingia kwenye ala. "Na mimi nilinunua bima yako, Zenon. Ilirudishwa, na pesa yangu haikurudi. Nilinyamaza kwa aibu. Leo nimechoka kunyamaza."

Kisu cha tatu, cha nne. Dereva wa trekta aligeuka, akaona hakuna anayekata, akazima injini. Kimya kilienea shamba zima, ukasikia ndege. Kule barabarani lori lilikuwa likingoja mzigo, na baada ya muda mfupi mwenye shamba, mzee Mwingereza aliyeitwa Thorold, alikuja na gari lake mpaka kwenye matuta.

"Kwa nini tumesimama?"

Bwana Zenon alianza kueleza habari ya mkanda kukwama. Jagoda, ambaye Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko cha wote, hakumkatiza. Alingoja amalize, kisha akaeleza yote tangu mwanzo, pamoja na ile sehemu yake mwenyewe ya kuomba kama mwanafunzi kwa sababu ya kuona haya. Mzee Thorold alisikiliza akitazama buti zake.

"Mama yako namjua," alisema mwishowe. "Ndiye aliyeniletea supu nilipofiwa na mke wangu. Barua mtaipata leo, na nitaiandika mimi." Akamgeukia nyapara. "Wewe, funguo za gari la genge nipe. Na bima hizo utakuja kunieleza ofisini, na si mimi peke yangu utakayemweleza."

Injini ikawaka. Bi Jadzia akachomoa kisu. "Haya, jamani, mgongo umepona," alisema. "Muuguzi kweli huyu."

Safari hii Jagoda aliomba kupitia kwa mama yake. Kungoja kulikuwa kurefu, na mara mbili waliulizwa mambo ambayo walikuwa wameshayajibu. Jagoda alikasirika mara zote mbili, na Bi Urszula alimwambia ana haki ya kukasirika, lakini ajibu tena. Siku kadi ilipofika, Bogusia alikuwa ndiyo kwanza ameingia kutoka shambani. Aliitazama mezani bila kuigusa, mikono yake ikiwa na utomvu wa majani.

"Mama, nisamehe," alisema Jagoda. "Kwa yale ya ukumbini."

"Nilikusamehe kabla sinia halijaisha." Bogusia akavuta kiti. "Lakini sikiliza, mwanangu. Kazi ya halali haina aibu, hilo umeshaliona mwenyewe. Nataka ulione na hili. Zenon aliweza kukupa uongo wake kwa sababu alikukuta umeshabeba wako. Ungekuwa umesema tangu siku ya kwanza kwamba mama yako anakata koliflawa, asingekuwa na cha kukuuzia. Serikali ilikudhulumu, kweli. Lakini anayedhulumiwa akasimama kwenye ukweli, wenzake wanapata mahali pa kusimama naye. Uliwaona wale akina mama."

"Niliwaona."

"Basi usiwasahau ukivaa nguo nyeupe."

Jumatatu Jagoda aliliacha tope la mlangoni kama lilivyo, na ndani ya basi Kieran alimwona akiingia na tope kwenye viatu.

"Umetoka wapi na matope hayo?"

"Nyumbani," alisema Jagoda, akakaa. "Mama yangu anakata koliflawa. Sogeza mguu."