Pini Nne za Bibi

Kila asubuhi, kabla Bibi hajagusa cherehani yake, Kifungo alikuwa na kazi moja. Alishusha pakiti ya vidonge vya presha kutoka juu ya kabati, akampa Bibi kidonge kimoja na maji, kisha akachoma pini kwenye utepe mweupe uliotundikwa ukutani. Utepe huo Bibi aliushona mwenyewe, ukiwa na mistari saba ya uzi mwekundu, mmoja kwa kila siku ya juma. Pini ikichomwa, maana yake dawa ya siku hiyo imemezwa.

Bibi ndiye aliyempa jina hilo la Kifungo, kwa sababu utotoni aling'ang'ania nguo za bibi yake kutwa nzima. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na miguu yake haikujua kutulia. Timu ya netiboli ya shule ilifanya mazoezi asubuhi na mapema, naye hakutaka kuchelewa hata kidogo.

Jumatatu moja alichoma pini kwanza ili kuokoa muda, akikusudia kutoa kidonge akishafunga viatu. Wenzake wakamwita nje, akatoka mbio. Jioni aliporudi alikumbuka. Alitaka kusema, lakini Bibi akamtangulia.

"Hivi leo nilimeza dawa, mjukuu wangu? Mbona sikumbuki? Ila pini naiona."

"Pini ipo, Bibi," alijibu Kifungo. Alijifariji kwamba hakudanganya, maana pini kweli ilikuwepo.

"Basi ni uzee huu. Kichwa kimeanza kuvuja," alisema Bibi, akacheka peke yake.

Kwa kuwa hakugombezwa, Kifungo akazoea. Jumatano akafanya vilevile, na Alhamisi, na Jumamosi. Kila mara Bibi alitazama pini, akatikisa kichwa, akajilaumu kwa usahaulifu.

Jumapili Bibi aliamka kichwa kikimgonga. Alipokaa kushona, mshono ukaenda upogo, jambo ambalo wateja wake hawakuwahi kuliona. Bahati nzuri, kesho yake ilikuwa siku yake ya kliniki. Kifungo aliomba ruhusa shuleni ili amsindikize.

"Shikamoo, Bibi," alisema daktari, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya upole.

"Marahaba, mwanangu."

Daktari alimwacha apumzike kwanza, akampima, akampima tena. Akakunja uso. "Mia na sabini na nane kwa mia na nne. Mwezi uliopita presha yako ilikuwa imetulia. Dawa unameza kweli?"

Bibi akatoa utepe mkobani, akaukunjua mezani kwa fahari. "Pini zangu hizo, mwanangu. Sijaruka hata siku moja."

"Basi kipimo hiki cha dawa hakikutoshi tena. Nitakuandikia dawa yenye nguvu mara mbili," alisema daktari, akashika kalamu.

Mfukoni mwa Kifungo mlikuwa na ile pakiti, aliyoificha ili Bibi asihesabu vidonge. Ilipaswa kuwa tupu, lakini vidonge vinne vilikuwa bado ndani. Alikumbuka jinsi daktari alivyowaonya mwezi uliopita, katika chumba hichohicho, kwamba dawa ikizidi presha hushuka mno na mtu anaweza kuanguka na kuzimia. Akilini alimwona Bibi ameanguka kando ya cherehani, peke yake nyumbani. Kalamu ilikuwa imeshaanza kuandika.

"Daktari, subiri!" Aliweka pakiti mezani. "Hajameza siku nne. Nilichoma pini bila kumpa dawa. Ni mimi."

Bibi aliitazama pakiti kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo sikusahau?" aliuliza polepole. "Siku zote hizi nilidhani akili inaniishia."

Kifungo akaangua kilio. Aliona aibu kuliko siku yoyote maishani mwake.

Bibi akavuta pumzi. "Haya, nipeni hivyo vinne nivimeze sasa hivi. Mshono ukirukwa, fundi anaurudia."

"Hapana, Bibi!" alisema daktari haraka. "Dawa haifidiwi hivyo. Ukisahau, meza ukikumbuka siku hiyohiyo. Muda wa kidonge kinachofuata ukiwa umekaribia, acha kilichopita, uendelee kama kawaida. Usimeze viwili kwa pamoja. Wala usiache dawa kwa sababu unajisikia mzima, maana presha hupanda bila mtu kuhisi chochote." Akakata alichokuwa ameandika. "Endelea na kipimo kilekile, kimoja cha leo umeze sasa. Rudi baada ya juma moja."

Walipofika nyumbani alichomoa pini zote, akautundika utepe mahali pake.

"Siku moja utasahau tena, maana wewe ni mtu," alisema. "Ukisahau, niambie. Ukinificha, daktari atatibu uongo wako, na mwili utakaoumia ni wangu."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Lakini kazi sikuondolei."

Asubuhi iliyofuata Kifungo alimpa kidonge na maji. Bibi akameza, akaachama na kutoa ulimi nje kama mtoto mdogo ili mjukuu wake ahakikishe.

"Umeona?"

"Nimeona, Bibi."

"Sasa choma pini."