Marahaba Aliyoitoa Radhia

Doa lenyewe lilikuwa dogo, upana wa shilingi, tena lilikaa mahali ambapo mwenye haraka asingeliona: juu ya kikanyagio cha nyuma, pale abiria wa pikipiki anapoweka mguu wake. Lakini Radhia hakuwa mtu wa haraka. Alikuwa mwanamke wa kusugua, na doa likimshinda hata chakula hakipiti kooni.

Pikipiki ilikuwa ya mumewe, Ahmadi. Aliinunua ikiwa imeshatumika, miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na kila mwenye miguu akajiita mfanyabiashara. Alikuwa akifuata kuku na vitunguu Mtinko, siku nyingine mnadani Ikungi, anarudi mjini Singida na vumbi hadi kwenye kope. Aliipenda pikipiki ile, jamani! Mke alipewa khanga sikukuu kwa sikukuu. Pikipiki ilikogeshwa kila Ijumaa. Mwanzoni aliipeleka ziwani Kindai, akaiosha kwa maji ya bure. Maji ya bure nayo yana gharama yake, na yale ya Kindai yana chumvi. Haukupita muda, spoki zikaanza kuliwa na kutu. Ndipo Radhia akasema basi, iletwe uani, ataiosha yeye.

Akaiosha kwa vitu vya jikoni mwake. Sabuni ya unga, ambayo miaka michache nyuma watu waliipangia foleni tangu alfajiri, sasa ilijaa madukani, akaitia kwenye beseni bila kupima. Mafuta ya taa yakatoa grisi ya mnyororo. Dawa ya meno ikang'arisha taa na ekzosi. Majivu na ndimu vikapambana na kutu, na mswaki mkuukuu ukaingia palipokataa kidole. Pikipiki ikang'aa hata Ahmadi akawa anaizunguka na kucheka peke yake. Doa la kwenye kikanyagio likabaki.

Ijumaa moja, jua limesimama utosini, wanaume wako msikitini na wengine wamejificha vivulini, Radhia alikata ndimu, akaichovya kwenye majivu, akainama. Alisugua mpaka jasho likamwingia machoni. Safari hii doa lililegea, likatoka jekundujekundu, likateremka na povu likaingia ardhini. Hapo hapo, nyuma yake, sauti ya mtoto ikasema kwa adabu:

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," alijibu bila kugeuka. Nani hugeuka? Mtoto akiamkia, mkubwa huitika na mikono ikaendelea na kazi.

Alipokuja kugeuka, hakuona mtu. Palikuwa na beseni, na kuku mmoja aliyesimama ameinua mguu, na ardhi iliyolowa isiyo na unyayo wowote ila wake mwenyewe. Halafu kukaja harufu ya magadi na manyoya ya ndege yaliyooza, harufu ya ukingo wa Kindai wakati wa kiangazi.

Alimwita jirani yake, Joyce, juu ya ua wa minyaa.

"Mama Ignas, Ignas kapita hapa kwangu?"

"Ignas yuko Ulemo kwa bibi yake tangu juzi. Kwani vipi?"

"Kuna mtoto kaniamkia."

"Si umeitika? Basi yameisha," Joyce akacheka, akarudi kwenye ungo wake wa mtama.

Hayakuisha. Jioni ile Mosi, binti yao wa pekee, mtoto ambaye hata kwenda kunywa maji alikwenda mbio, alikaa kizingitini akakataa kunyanyuka.

"Mama, mwambie aniachie."

"Akuachie nani, mama?"

"Huyu. Kanishika miguu."

Radhia akapiga magoti akaipapasa. Miguu ya mwanawe ilikuwa baridi kama mtungi, kuanzia vifundoni kushuka chini, na kuzunguka kila kifundo palikuwa na mstari mwembamba mweupe. Aliugusa kwa kidole, akaonja. Ilikuwa chumvi.

Ahmadi aliwapakia wote wawili mpaka hospitali. Daktari akamchoma mtoto unyayoni kwa ncha ya sindano. Mosi akaendelea kutazama feni. Mifupa mizima, damu nzima, tumwangalie kwanza. Wakamwangalia. Baridi ikapanda hadi magotini, na ile mistari ya chumvi nayo ikapanda. Radhia alimkanda kwa mafuta ya moto, akamfunga blanketi juani, akamwomba Mungu kwa maneno yasiyo na mpangilio. Ahmadi, mwanamume mwenye sauti ya mnadani, alikutwa amelaza kichwa juu ya tangi la pikipiki, analia. Kila mmoja alijua baridi ile ilikokuwa ikielekea, na hakuna aliyethubutu kutaja neno moyo.

Na doa lilikuwa limerudi. Sasa halikuwa shilingi tena, lilikuwa vidole, vidole vidogo vitano vilivyokizunguka kikanyagio kama vya mtoto anayeogopa kuanguka. Radhia akajiambia kuwa likitoka doa, mtoto atafunguliwa. Akasugua kwa ndimu, akasugua kwa magadi, akasugua kwa gunzi na mchanga mpaka kucha zikatoka damu, na kila lilipokuwa linaanza kulegea, mchana kweupe, majirani wanapita na madumu yao, redio ya Joyce inaimba, ile sauti ilikuja tena nyuma ya shingo yake, karibu kuliko jana, yenye adabu kuliko jana, ikisema shikamoo mama, shikamoo mama, mbona huitikii, mimi nakuamkia wewe unaninyamazia, na yeye akawa anauma khanga kwa meno ili mdomo uliozoea kuitika usije ukaitika wenyewe.

Ahmadi akaenda kumwita Mzee Abdulmajidi, mwalimu wa madrasa, mzee mkali aliyeogopwa na watoto na ambaye, watu walimtania, yeye mwenyewe aliogopa pikipiki. Alisoma kwa kunong'ona juu ya miguu ya Mosi. Kisha akatoka uani, akainama kunusa kikanyagio, na papo hapo akarudi nyuma, ameshika ndevu.

"Ahmadi, ulikuwa ukiiosha wapi hii?"

"Kindai, mzee."

"Saa ngapi?"

"Mchana, jua likiwa kali. Ndiyo saa ambayo pale hakuna watu."

"Watu ndio hakuna," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Pikipiki ina nafasi ya abiria, ati. Mmoja alipanda. Lakini hao hawaingii nyumba ya mtu bila kukaribishwa." Akamgeukia Radhia. "Alipokuamkia, ulimjibu nini? Neno kwa neno."

"Nilisema marahaba."

"Shikamoo ni nini?"

"Si ndiyo nashika miguu yako, mzee?"

"Na marahaba, huko Uarabuni ilikotoka, ni karibu. Ameomba kushika miguu, nawe umemkaribisha."

"Mbona basi hakushika yangu?" Radhia alilia. "Mimi ndiye niliyeitika! Angeshika yangu!"

"Ulisema marahaba tu?"

Radhia akautazama mlango wa ndani. "Nilisema... marahaba, mwanangu."

"Basi ukamtajia miguu ya kushika," alisema mzee.

Ndani, Mosi alikuwa anaongea na mtu kwa upole, anamwambia anaumia, amshike polepole.

"Ninalowaambia sasa silijui kwa kusoma," mzee alianza tena, na sauti yake mwenyewe haikuwa na uhakika. "Nilisikia kwa waliotutangulia. Mkubwa hashiki miguu ya mdogo. Mwamkie wewe. Akiitika, amekuwa mkubwa wako, na mshiko unageuka. Lakini mama, tuelewane. Hapo wewe ndiye utakayekuwa umemshika. Na anachotaka mkubwa nyumbani, mdogo hakatai."

"Nitamwamkia mimi," Ahmadi akadakia.

"Hakukuamkia wewe."

"Mpaka lini, mzee?" Radhia aliuliza. Mzee Abdulmajidi alijifunga kilemba chake upya. Radhia alikwisha kuchukua beseni.

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya majabali. Radhia akaiosha pikipiki yote tangu mwanzo, tangi, taa, spoki, mnyororo, kama mtu anayeosha maiti, na alipofika kwenye kikanyagio cha nyuma akaweka ndimu chini, akakishika kwa mikono miwili, akainamisha kichwa jinsi alivyofundishwa utotoni, akasema "Shikamoo," na hapakuwa na jibu, akasema tena "Shikamoo," na kuku wote uani wakanyamaza kwa pamoja na harufu ya ziwa ikamjaa puani mpaka kooni, na chini ya viganja vyake chuma kikaacha kuwa chuma, kikawa kitu baridi chenye manyoya yaliyolowa, na alipopapasa kushuka kutafuta vidole vya mguu hakukuta vidole, alikuta ukwato uliopasuka katikati, naye hakuuachia, Mungu ni shahidi, mama yule hakuuachia, akafumba macho akasema kwa mara ya tatu, "Shikamoo!"

"Marahaba," ilijibu sauti, na haikuwa ya mtoto tena. Ilikuwa nzito, ya mtu mzima aliyetulia kwake. "Marahaba, mwanangu."

Ndani, Mosi alipiga ukelele. Halafu zikasikika nyayo, pa-pa-pa-pa, na mtoto akatoka mbio mpaka mikononi mwa baba yake, miguu ina joto, analia kwa njaa. Ahmadi akaanguka chini naye, akicheka na kulia. Pikipiki aliiuza kesho yake huko Ikungi, kwa bei ya kutupa.

Asubuhi hiyo hiyo Mosi aliamka, akanawa uso, akamjia mama yake jikoni kama mtoto aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo, mama."

Radhia akafungua mdomo. Lakini kabla hajatoa neno, nyuma yake, pale palipokuwa na ukuta mtupu, mtu mwingine aliitika. "Marahaba, mwanangu." Mosi akatabasamu, akampita mama yake, akaanza kuuendea ukuta, mpaka Radhia alipomdaka kiunoni akamrudisha.

Tangu siku hiyo Mosi huamkia mtaa mzima, wazee kwa vijana, ila mama yake. Joyce alishasema sana juu ya hilo, kwamba mtoto anaharibiwa, na Radhia humwacha aseme. Mosi bado mtoto, husahau. Asubuhi nyingine humjia mama yake na neno likiwa limeshafika ulimini, na Radhia humrukia akamziba mdomo kwa kiganja. Mosi husema kiganja hicho kina ladha ya chumvi.