Chiriku na Mahubiri ya Mikono

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku na mama yake walifanya usafi kanisani. Mama alipiga deki, naye Chiriku alipangusa mabenchi huku mdomo wake ukifanya kazi kuliko kitambaa. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu ya maneno mengi. Hakuna kitu kilichompita bila kuulizwa kimetoka wapi na kinakwenda wapi.

Siku hiyo alisikia ngoma ya kwaya ikilia katika chumba cha nyuma. Ajabu ni kwamba ililia peke yake, bila wimbo wala sauti ya mtu.

"Mama, kule kuna nini?"

"Hapa kuna benchi hujalipangusa," mama akajibu.

Chiriku alilipangusa haraka haraka, kisha akanyata hadi mlangoni na kuchungulia. Watu walisimama peku kwenye sakafu ya mbao, wameizunguka ngoma. Midomo ilikuwa imefungwa, lakini mikono yao ilipanda, ikashuka na kufunguka kwa pamoja. Kumbe walikuwa wakiimba!

"Ingia, usiogope," alisema msichana mmoja aliyekaa kando. "Mimi ni mkalimani. Yule mrefu ni dada yangu, ni mwinjilisti. Yeye ni kiziwi, na hawa wote ni viziwi. Amekuja kuanzisha ibada yao hapa."

"Sasa ngoma wanaisikiaje?"

"Vua viatu."

Chiriku akavua. Mtikisiko ukampanda kutoka nyayo hadi magotini, akacheka kwa mshangao. Kisha maswali yakamtoka mfululizo. Wakisali wanafumba macho? Wakitaka kunong'ona wanafanyaje? Mkalimani alijibu mpaka akachoka. Chiriku alitoka pale amejifunza ishara nne: Mungu, asante, karibu na sikio.

Adhuhuri Mchungaji alimkuta uani akimwonyesha mwinjilisti ishara hizo, na mwinjilisti akitabasamu.

"Kumbe unaijua lugha yao?" Mchungaji akauliza, macho yamemtoka.

Sifa ni tamu. "Ndiyo, Mchungaji," Chiriku akasema.

Kesho yake mkalimani aliamka sauti imemkauka, akabaki kitandani. Kanisa lilikuwa limejaa pomoni. Mchungaji hakuhangaika, akamwita Chiriku mbele na kumhakikishia mwinjilisti kwa kuinua dole gumba.

Mwinjilisti alianza na ishara ya Mungu. "Mungu!" Chiriku akatangaza kwa furaha. Baada ya hapo mikono ilikwenda mbio, naye akajazia maneno aliyozoea kuyasikia kila Jumapili. "Mungu ni mwema!" Watu wakaitika amina. "Anatupenda sote!" Wakaitika tena. Chiriku akaanza kuona kazi ya ukalimani ni rahisi.

Mara mwinjilisti akagusa sikio lake, akatikisa kichwa, akaonyesha kimo cha mtoto, kisha akawanyooshea watu mikono yote miwili. Chiriku aliambulia sikio tu. Watu wakamsubiri.

"Anasema... mtoto asiyesikia ni aibu nyumbani!"

Wazazi waliitika amina kwa nguvu na kuwageukia watoto wao watundu. Lakini kwenye benchi la nyuma mama muuza mkaa alisimama, akajifunika uso kwa mtandio na kutoka. Chiriku alimfuata kwa macho, ndipo akakumbuka. Mwana wa mama yule hakuwa mtundu. Alikuwa kiziwi, na hakuna aliyewahi kumwona nje ya nyumba yao.

Mwinjilisti alimgeukia Chiriku akiuliza kwa uso: kuna nini? Chiriku akatazama chini.

Mchana Chiriku alisukuma chakula kando. "Mama," akasema, "ile lugha siijui. Nilibuni."

Mama akaweka bakuli chini. "Yote?"

"Isipokuwa Mungu."

Mama akasimama. "Inuka. Mdomo uliosema ndio utakaokwenda kusema tena."

Walianza kwa Mchungaji. Alisikiliza, akashusha pumzi. "Na mimi nimekosea. Nilikuuliza swali moja nikaridhika." Wote wakaenda kumchukua mwinjilisti na mdogo wake, yule mkalimani, ambaye shingo yake ilikuwa imezungushiwa mtandio na sauti yake ilitoka kwa kunong'ona.

Muuza mkaa alifungua mlango nusu. "Mmekuja kumalizia?"

"Shikamoo, mama," Chiriku alisema. "Yale maneno yalikuwa yangu. Yeye hakuyasema. Nilidanganya kwamba najua lugha yake. Nisamehe, mama."

"Unajua nimekaa humu ndani nikijiuliza nimemkosea nini Mungu?"

Mkalimani akasogea. "Dada yangu alisema hivi: kama nyumbani kwako yupo mtoto asiyesikia, mlete. Mungu anamjua, na sisi tunamsubiri."

"Kwani yeye mwenyewe hasikii kabisa?"

"Tangu kuzaliwa."

"Na anasafiri? Anahubiri?"

"Na mume anaye," mkalimani akanong'ona. "Wakigombana, majirani hawajui."

Muuza mkaa alicheka huku akijifuta machozi, akaufungua mlango wote.

Mvulana alikuwa nyuma ya pazia, anachungulia. Mwinjilisti akainua kikombe, akaonyesha ishara yake. Mvulana akaiiga. Akafikiri, kisha akaonyesha kigoda. Akapewa ishara. Akaonyesha taa, mlango, ndoo, mbio mbio, kama mtu aliyekuwa akisubiri miaka yote aulize. Mwisho akamnyooshea kidole mama yake. Alipopata ishara ya mama, aliirudia tena na tena, na mama yule akakaa chini pale pale sakafuni.

Kisha mvulana akamgeukia Chiriku, akaonyesha gunia la mkaa. Wote wakamtazama.

"Sijui," Chiriku akasema.

Mwinjilisti akamwonyesha namna ya kusema "sijui" kwa mikono, kisha akaongeza mengine, na mdogo wake akayatafsiri polepole. "Anasema, neno hilo lingetosha kabisa asubuhi. Watu wakikuamini uwapelekee maneno ya mwenzako, peleka yake, usipeleke yako. Usipojua, sema hujui, kisha uulize. Na anasema kuuliza hakukushindi hata kidogo."

"Amina," akasema Mchungaji.

Chiriku alitaka kuuliza ishara ya mkaa, lakini mvulana alikwishamvuta mkono, anamwonyesha dirisha.