Kitufe cha Mwisho Kulia

"Hiyo plagi nimeishika mimi kwanza, kaka."

"Umeishika, dada, lakini mimi ndiye niliyeiulizia."

Muuza vipuri aliitazama mikono yao miwili juu ya kaunta, akacheka. Ilikuwa Jumamosi mchana, na ujia wa maduka ya vifaa vya umeme ulifurika watu wanaosukumana kwa mabega. Mwanamke alivaa ovaroli ya bluu, mikono imekunjwa hadi viwikoni, na kitambaa cha manjano kichwani. Mwanamume alikuwa na vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Unaijua kazi yake au umeipenda tu?" mwanamke aliuliza.

"Mimi seremala. Ya kwetu imevunjika, nataka inayofanana nayo. Ni ya kabati la gemu, tulilitengeneza nyumbani. Mimi mbao, mdogo wangu waya."

"Basi mwambie mdogo wako aje mwenyewe, maana wewe hata kuishika umeishika kichwa chini."

Seremala aliigeuza plagi. "Hawezi kuja. Tumemzika, huu mwezi wa saba."

Mwanamke akaiachia plagi. Kisha akasema polepole, "Nitakuja kukufungia. Mimi ni fundi wa lifti, vitufe ndiyo kazi yangu."

Jumapili alikuja kweli, amevaa gauni la kijani lililompendeza hadi seremala akasahau kumkaribisha kiti. Kabati lilikuwa chumba cha mbele, refu kama kabati la nguo, skrini kifuani. Chini ya skrini palikuwa na nafasi ya paneli inayochomolewa: moja ya vitufe sita, nyingine ya usukani, ambayo marehemu hakuimaliza. Zote zilitumia plagi ile ile. Unachomoa hii, unachomeka ile, mchezo unabadilika.

Paneli ya vitufe ilikuwa ya Mama. Mama alikuwa mshonaji, ameacha kazi. Kila alasiri alivuta kiti na kucheza mchezo mmoja tu, wa kijana anayeruka mashimo, kwa sababu ndio aliofundishwa na marehemu. Tangu plagi ivunjike alikuwa anaitazama skrini nyeusi.

Fundi alipomaliza, Mama alicheza hadi chai ikapoa. "Binti," alisema bila kugeuka, "wewe usipotee."

Hakupotea. Simu zikawa kila mchana.

"Seremala wangu, umekula?"

"Nimekula vumbi. Wewe?"

"Niko juu ya lifti, ghorofa ya tisa. Sema kitu kitamu kabla sijashuka."

"Shuka salama, mpenzi."

"Hicho ndicho kitamu? Kweli nimempata seremala, kavu kama ubao."

Kisha Mama akaenda kwa dada yake kwa wiki moja. Fundi alitaka kumfurahisha akirudi, akaifungua paneli aisafishe. Ndani waya zilikuwa zimepishana. Waya wa kumrusha kijana, ambao kwa kawaida huenda kwenye kitufe cha kwanza, ulikuwa umevutwa hadi cha mwisho kulia.

"Hapa alikosea," alisema.

Seremala alikuwa anapiga randa uani. "Utajua wewe, fundi."

Alichora mpangilio wote kwenye daftari, kama wafanyavyo mafundi wa lifti kabla ya kukata chochote. Akakata. Akalehemu upya kwa rangi zake, akafunga waya vizuri kama nywele zilizosukwa.

Mama alirudi, akavuta kiti, akabonyeza. Kijana akatumbukia shimoni. Akabonyeza tena. Shimoni. Mara ya tatu aliinuka, akachukua shuka, akalifunika kabati.

"Hata hili limenisahau," alisema, akaingia chumbani.

Seremala alifunua paneli. Yale madonge ya lehemu ya mdogo wake, mabaya, makubwa kama punje za mahindi, hayakuwepo. Akapiga simu.

"Umefanya nini?"

"Si ulikuwepo? Si ulisema nitajua mimi?"

"Nilikuachia urekebishe. Sikukwambia umfute."

"Nimemfuta? Mimi? Hayo maneno umeyapima kabla ya kuyatoa?"

"Jumapili usije."

Wiki tatu zikapita. Mama hakulifunua kabati, na seremala hakuthubutu kumuuliza kitu.

Siku moja fundi alikuwa anafungua paneli ya lifti kwenye jengo la ofisi. Kitufe cha nne kilikuwa kimelika, namba haisomeki. Vingine bado viling'aa. Alijua bila kuuliza kwamba watu wengi hushukia pale. Mkono wake ukasimama. Kwenye paneli ya Mama, kitufe cha mwisho kulia ndicho kilichokuwa kimelika. Cha kwanza kilikuwa kipya kabisa. Akakumbuka Mama akishika kikombe, kidole cha shahada kimenyooka, hakikunjiki, kimeharibiwa na mikasi ya miaka mingi.

Alipiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena. Mwisho akaandika: *Halikuwa kosa. Mtazame Mama kidole.*

Seremala aliusoma ujumbe, akaingia jikoni. Mama alikuwa anaosha sufuria kwa vidole vinne. Alimtazama muda mrefu, kisha akatoka nje kupiga simu, maana hakutaka Mama amwone.

"Nimeishi naye maisha yangu yote," alisema. "Mdogo wangu aliona, akamhamishia kuruka kwenye kidole kidogo. Mimi sikuona."

"Na mimi nilikiona kitufe, sikukisoma."

"Njoo, fundi. Nisamehe. Njoo."

Alikuja na daftari lake. Mama aliketi pembeni, mikono mapajani.

"Mama, lehemu itakuwa yangu. Ile yake niliikata, nikaitupa. Siwezi kuirudisha."

Mama alilitazama daftari. "Na mpangilio?"

"Wake. Waya kwa waya."

"Basi fanya, mwanangu."

Jua lilikuwa bado dirishani alipochomeka plagi. Mama aliweka kidole kidogo kwenye kitufe cha mwisho. Kijana akaruka shimo la kwanza. Akaruka la pili. La tatu likammeza. "Shimo halina adabu hili!" Mama akafoka, na seremala akageukia ukuta, kwa sababu tangu mazishi hakuwa ameisikia sauti ile.

Alipogeuka alikuwa na paneli mpya, mbao tupu zilizopigwa msasa.

"Hii ya watu wawili," alimwambia fundi. "Sijatoboa. Weka mkono, nione vidole vyako vinatua wapi."

Aliuweka. Penseli ikazunguka kidole kwa kidole, ikakawia kwenye cha pete.

"Unapima kitufe au pete?"

"Ukikubali, pete."

"Tangu asubuhi analizunguka neno hilo," Mama alisema, macho kwenye skrini.

Fundi alicheka huku machozi yakimtoka. "Nakubali, kavu wangu. Tuone basi kama inaingia nafasi yake?" Akanyoosha mkono kuelekea plagi.

"Msichomoe," Mama alisema. "Leo niachieni. Bado anaruka."